Ndoo mbili za barafu baada ya kukimbia Mikindani

Jumatatu ile nilishuka ngazi za kazini kinyumenyume. Jana yake nilikuwa nimekimbia kutoka Shangani, hapa Mtwara mjini, mpaka Mikindani na kurudi, kilomita 20 na kitu, mimi niliyezoea 6. Mapaja yalikaza kama gogo la mpingo, vigimbi havitaki hata kuguswa na suruali.

Kwenye kundi letu la mbio wote walisema neno moja: barafu. Nikaenda feri kwa wauza samaki kununua bonge.

"Kaka, samaki wako yuko wapi?" muuzaji akaniuliza.

"Samaki ni mimi."

Nyumbani nikalivunja, nikafunga pande lake kwenye kigimbi, barafu kwa ngozi, kisha nikakaa kutazama mpira. Kipindi chote cha kwanza sikuligusa. Mguu ulikufa ganzi nikadhani ndiyo dawa inaingia. Kesho yake yakatoka malengelenge, na kovu lake ninalo mpaka leo, duara la sarafu. Barafu inaunguza, jamani. Ukitaka kuweka barafu yenyewe, izungushie taulo au kipande cha kanga, na dakika 15 zikifika itoe, hata kama utamu ndio kwanza unakolea.

Siku hizi natumia maji. Wanaofanya utaalamu huu wanataka maji ya nyuzi 10 hadi 15, kwa dakika 10 hadi 15. Sasa wewe fungua bomba la Mtwara mwezi wa pili uone kinachotoka! Ukikadiria maji yako kuwa nyuzi 28, lita 12 zinahitaji barafu kama kilo moja na nusu ili zishuke kwenye 15. Ndiyo maana nagandisha chupa za maji za lita moja na nusu, usiku wa kuamkia mbio. Usiijaze chupa mpaka shingoni, maji yakiganda yanatanuka na itapasuka. Ndoo mbili za lita 20, kila mguu na ndoo yake, maji zaidi kidogo ya nusu, kwa sababu mguu ukiingia yanapanda (mara ya kwanza nilifurisha sebule nzima). Chupa natanguliza mapema, maana barafu iliyo ndani ya plastiki inayeyuka taratibu. Dakika mbili za mwanzo utatukana. Zikipita hizo, unazoea.

Usitarajie muujiza. Maumivu haya huanza polepole na kushika kasi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na baridi inayapunguza makali tu. Misuli inajijenga kwa muda wake. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza ushauri wa barafu mwaka 1978, baadaye alikiri mwenyewe kwamba inaweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo mimi naitumia pale tu ninapotakiwa kukimbia tena kesho au keshokutwa.

Shemeji yangu anayenyanyua vyuma vya zege nilimkataza kabisa. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wanaume waliofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 12: walioingia maji ya baridi kila baada ya mazoezi misuli na nguvu zao ziliongezeka kwa kiasi kidogo kuliko za waliopoza mwili kwa kuendesha baiskeli polepole. Yeye anatafuta kifua, barafu ya nini?

Mama mwenye nyumba naye aliziona ndoo, akavuta kigoda. "Mwanangu, na mimi nitie, miguu inanichoma." Mama ana kisukari, na kuna siku ndala humvuka njiani bila kuhisi. Nikamwambia, "Hapana mama, hii siyo yako, twende hospitali wakaiangalie hiyo miguu." Alininunia siku mbili, kisha tukaenda. Mwenye matatizo ya moyo naye asijaribu bila kumwuliza daktari.

Umeme ukikatika na chupa hazijaganda, nateremka Shangani jioni, naingia baharini mpaka kiunoni na kutembea polepole nusu saa. Bahari yetu ni vuguvugu hata kusi ikivuma, baridi humo hakuna. Lakini kule kutembea kunalegeza mapaja, na Jumatatu ngazi nazishuka nikitazama mbele.