Kupima mtaa unavyoinuka baada ya mafuriko

Ndugu, umeuliza kamati yenu ya mtaa kando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, itajuaje kama watu wanarudi kweli baada ya mafuriko. Anzeni na orodha ya kabla ya maji. Bila hiyo, hesabu ya leo haina cha kulinganishwa nacho. Majengo yatafuteni kwenye ramani za Ramani Huria, mradi wa wananchi kuchora ramani za Dar es Salaam ulioanza 2015, na kaya kwenye daftari la wakazi la serikali ya mtaa.

Hesabuni kaya, si nyumba. Hapa ndipo wengi hukosea: nyumba ya uswahilini ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita. Mwenye nyumba akirudi peke yake mtaandika "imerudi" huku wapangaji watano wametawanyika. Kipeni kila chumba namba ya kudumu, kisha ulizeni yale yale kila baada ya miezi mitatu: anakaa nani, ni wa zamani au mgeni, Luku (umeme wa kulipia kabla) inanunuliwa, choo kinatumika, maji yanatoka wapi? Waliohama wapigieni simu. Mkiwahoji waliorudi tu, mtaa utaonekana mzima.

New Orleans, Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, wachambuzi walifuatilia anwani zinazopokea barua. Kwetu barua kwa kawaida haziletwi mlangoni, hivyo Luku inafaa zaidi, ingawa mita moja mara nyingi huhudumia vyumba kadhaa.

Fomu ya maswali hayo iwekeni kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu kwa simu. Hujazwa hata bila intaneti. Majina na namba za simu msiziweke kamwe kwenye ramani ya wazi.