Sarafu Yako Ina Kasoro ya Kiwandani, au Imeumia Mtaani?

Watu wakishajua kwamba unakusanya sarafu, simu yako haipumziki. Zinakuja picha za sarafu iliyopinda, iliyobadilika rangi, yenye tundu, yenye herufi zinazoonekana mbilimbili. Swali huwa lilelile: "Hii si ndiyo ile ya mamilioni?" Nyingi ninazoonyeshwa zilitoka kiwandani zikiwa nzima. Zikaja kukanyagwa na magari, zikaungua, au zikaangukia mikononi mwa fundi mwenye tupa na muda wa kuchezea.

Mimi sarafu ikinifikia, ajabu yake naiweka kando kwanza. Najiuliza ni hatua ipi ya kiwandani ingeweza kuifanya hivi. Hatua zenyewe si nyingi. Bamba la metali hukatwa visahani vya mviringo. Visahani hupitishwa kwenye mashine ya kuinua ukingo. Kisha kila kimoja hukaa katikati ya mihuri miwili ya chuma, kikiwa kimezungukwa na pete inayokizuia kutanuka, na kwa pigo moja nyuso zote mbili zinachorwa. Pete ikiwa na michirizi, ubavu wa sarafu nao unapata michirizi. Kama huoni ni wapi kati ya hapo mambo yalikwenda kombo, basi hilo tundu lako ni la msumari.

Mchoro wa muhuri uko kinyume: palipochimbika kwenye muhuri ndipo panapoinuka kwenye sarafu. Muhuri ukipata ufa, metali hujipenyeza humo na sarafu inatoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mtaani huwa umezama. Shika lenzi, mulika taa kwa ubavuni, utaona tofauti mara moja. Sheria hii ina mwanya wake, kwa sababu uzi au kipande cha waya kikinaswa kati ya muhuri na kisahani huacha alama iliyozama, na ni kasoro halali kabisa. Grisi nayo ikijaa kwenye muhuri, herufi hufifia au hupotea. Hizo za grisi ni nyingi mno, usizipandishie bei.

Herufi mbilimbili ndizo zinazowapotosha watu zaidi. Mfano maarufu ni senti 1 ya Marekani ya mwaka 1955, ambayo mwaka na maandishi yake yanaonekana maradufu hata bila lenzi. Kosa lile lilitokea wakati muhuri wenyewe unatengenezwa: ulikandamizwa mchoro zaidi ya mara moja, na mara ya pili haukukaa sawasawa na ya kwanza. Kila sarafu iliyopigwa na muhuri ule ikabeba maradufu yaleyale. Herufi za aina hii huwa nene, nakala zote mbili zimeviringana vizuri, na kwenye pembe kuna kipengo kidogo kinachozitenganisha. Kinachouzwa sana mitandaoni ni kitu kingine: muhuri uliocheza kidogo wakati wa pigo na kuparuza herufi ambazo zilikwisha kuchorwa. Hapo utaona ngazi bapa, ya chini, kama rafu, na herufi yenyewe imekonda. Kanuni yangu ni fupi: herufi ikinenepa naendelea kuichunguza, ikikonda naachana nayo.

Baada ya lenzi, chukua sumaku na mizani inayosoma sehemu za gramu. Mwaka 1943 Marekani ilitengeneza senti zake kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani. Chache sana zikapigwa kwenye visahani vya bronzi, yaani mchanganyiko wenye shaba nyingi, na hizo ndizo zinazotafutwa. Ya chuma ina gramu 2.70 na inanaswa na sumaku. Ya bronzi ina gramu 3.11 na hainaswi. Waghushi hupaka shaba kwenye ile ya chuma, lakini sumaku inawaumbua. Wajanja zaidi huchukua senti ya 1948 na kuikwangua 8 upande mmoja mpaka ifanane na 3, na hiyo inapita kwenye sumaku na mizani bila shida. Dawa yake ni kulinganisha umbo la hiyo 3 na la senti ya kawaida ya 1943.

Sarafu iliyomegeka ubavuni kama imeumwa inaweza kuwa kisahani kilichokatwa pale ambapo bamba lilikwisha kutobolewa. Angalia ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo. Mara nyingi utaukuta hafifu, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo hukosa mahali pa kuegemea pale penye pengo. Wakusanyaji huiita athari ya Blakesley. Herufi zilizo karibu na pengo nazo huwa zimevutika kidogo kulielekea. Zikiwa zimekatwa wima kama kwa msumeno, mtu amezikata.

Yenye vichwa pande zote mbili karibu kila mara ni kazi ya karakana: moja imechimbwa ndani, nyingine ikapunguzwa na kupachikwa humo. Tafuta mshono mwembamba ndani ya ukingo. Yenye sura iliyozama na kugeuka kinyume huweza kuwa ya kweli, ila mtu akibana sarafu mbili kwenye jiliwa anapata kitu kinachofanana nayo. Ya jiliwa hujitambulisha kwa mchoro wake wa awali uliopondeka.

Lakini mihuri hubadilishana wenzi kweli. Mwaka 2008 Uingereza ilihamisha mwaka kwenye peni 20 kutoka upande mmoja kwenda mwingine, muhuri wa zamani ukaunganishwa na mpya, na sarafu zikatoka bila mwaka popote. Ukidhani unayo, chunguza kama sehemu ya mwaka imekwanguliwa.

Usiisafishe kwa lolote, hata kama ina kutu, maana kusugua kunaiharibu thamani. Ipime, ipige picha pande zote na ubavu, iweke kando ya nyingine ya kawaida ya mwaka uleule. Kampuni za uthibitisho kama PCGS na NGC hutoza ada, juu yake kuna gharama za posta, kwa hiyo mimi hutuma ile tu ambayo bei yake sokoni inazidi gharama hizo. Zilizobaki naziandikia uzito na aina ya kasoro kwenye bahasha zake, na zile za jiliwa nina boksi lake la kufundishia wanaoanza.