Mvuke uko kwetu, mbona bado koroboi?

Dada, umeuliza inakuwaje mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaozalisha umeme, uko hapa hapa kaunti ya Nakuru na jirani zako Njoro bado wanawasha koroboi. Olkaria inazalisha umeme tangu 1981; kinachokwama ni pesa ya kuanzia. Mwaka 2015 ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, ikaruhusiwa kulipwa kidogo kidogo. Lakini waya za ndani, soketi na fundi mara nyingi hutaka taslimu, na hapo ndipo muuza mboga hukwama. Ile sola ndogo ya kulipia kila siku kwa M-Pesa humpa taa na chaji ya simu tu, haisagi mahindi (hilo huniuma sana). Chama chenu cha kuweka akiba kikiwa na pesa, wakopesheni jirani hao pesa ya waya za nyumba kwanza.