Kabla ya kulikatia Bunge bajeti, nionyesheni nani anasoma

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, Bunge letu linakula fedha kuliko kazi linayofanya?" Hapa Malaba, mashariki mwa Uganda, jibu lilipatikana kwenye kibanda cha chai kabla sijamaliza kulisoma swali. Linakula. Sibishi. Mwaka 2021 kila mbunge alipewa shilingi milioni 200 za kununulia gari, na wako zaidi ya 500. Mwaka uliofuata Tume ya Bunge, ile inayosimamia fedha na watumishi wa Bunge, ikagawa "zawadi ya utumishi": milioni 500 kwa Kiongozi wa Upinzani wa wakati ule, milioni 400 kwa kila mmoja wa makamishna wake watatu. Sisi walipa kodi tukaja kusikia 2024. Na chini ya Ibara ya 155 ya Katiba, makadirio ya matumizi ya Bunge yanafika mezani bila Serikali kuruhusiwa kuyachonga. Inatoa maoni tu. Anayeyapitisha ni Bunge hilohilo. Mpishi anajipakulia.

Lakini linalonikera mimi ni jingine. Yale makabrasha ya ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nani anayasoma?

Mwaka 2015 nilikuwa karani mdogo wa hesabu katika wilaya moja ya mashariki, siitaji. Ikaja Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa kutuhoji juu ya hoja za Mkaguzi Mkuu. Ukumbi ulipigwa deki tangu alfajiri, maji ya chupa yakapangwa, na mimi nikapewa kazi ya kubeba mafaili. Hoja ya ukaguzi ilihusu magodoro ya vituo vya afya: yamelipiwa, hayaonekani. Mhasibu wetu akajibu kwa unyenyekevu mwingi, "Mheshimiwa, daftari la stoo lilikuwa limewekwa vibaya, sasa limepatikana." Likaletwa. Kurasa safi, magodoro yameingia 2012, yametoka, sahihi zote zipo. Waheshimiwa wakalipitisha mkono kwa mkono wakitikisa vichwa. Mmoja alikuwa kwenye simu.

Nyuma yao aliketi karani wa kamati, binti mwembamba mwenye mafaili mapajani kwa kukosa meza. Alilipokea mwisho. Hakufungua zile kurasa. Aligeuza jalada la nyuma, akalisogeza dirishani, akasoma yale maandishi madogo ya mpiga chapa pale chini, ambayo sisi wa stoo na hesabu hatuyatazami kamwe. Daftari lilichapwa 2014. Kitabu kilikuwa hakijazaliwa wakati magodoro "yanapokelewa" ndani yake! Niliona mhasibu wetu akimeza mate. Binti akainama, akamnong'oneza mwenyekiti, kidole chake bado kiko kwenye ule mwaka. Mwenyekiti akatazama saa. Walikuwa na wilaya nyingine mbili siku hiyohiyo. "Tutalirudia," akasema. Chakula kilikuwa tayari, kuku na matoke.

Hawakulirudia. Baadaye tukaambiwa hoja imefungwa kwa kuwa daftari limeonekana. Kweli, lilionekana.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu nikimlaumu mwenyekiti, na nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia mkate bajeti ile katikati. Sasa simlaumu sana. Ibara ya 90 inazipa kamati nguvu za Mahakama Kuu za kuita mashahidi na kudai hati, na mwenyekiti wa kamati za hesabu ni wa upinzani, kwa hiyo ari haikosekani. Ila nguvu za mahakama utazifanyia nini siku moja, wilaya tatu, karani mmoja asiye na hata meza? Ibara ya 163 inaliachia Bunge miezi sita kuijadili ripoti ya Mkaguzi Mkuu na kuchukua hatua, na wilaya zimezidi kuongezwa tangu wakati ule. Mbunge mmoja zaidi hasaidii kitu hapo.

Tena Bunge linajua dawa yake. Sheria ya Bajeti ya 2001 iliunda Ofisi ya Bajeti ya Bunge, wachumi wa kuwasomea wabunge takwimu za Wizara ya Fedha badala ya kuzimeza kama zilivyoletwa. Wale ni wasomaji. Kamati za hesabu nazo zinahitaji wa kwao, wengi, wenye macho ya yule binti.

Basi kura yangu iandikeni "ndiyo, linakula mno". Hata hivyo, ningeshika kalamu mimi, nisingekata jumla yake, pengine ningeongeza. Magari yaende, zawadi ziende, fedha hiyo iajiri makarani na watafiti, na kila wilaya ipate siku mbili kamili. Sharti ni kwamba kasma hiyo, yaani fungu hilo la fedha, isigeuzwe kuwa posho ya safari. Nani ailinde, hapo ndipo ninapokwama, maana mwenye funguo ni Tume ileile ya milioni 400.

Msomaji, Malaba