Mimba wafiche majirani, kliniki iambie mapema

Kwetu Pemba mimba changa haitangazwi. Wazee husema tumbo litajisema lenyewe, na mimi sina ugomvi na desturi hiyo. Husuda ipo, na mimba ikiharibika baada ya mtaa mzima kujua, uchungu wake huwa mara mbili. Lakini mimba yangu ya kwanza niliificha hata pale ambapo haikufaa kufichwa, na nusura nisiwepo leo kuandika haya.

Nilikwenda kliniki mimba ikiwa ya miezi sita. Nesi akanichoma kidoleni, akatazama mashine, akaninyamazia kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, damu yako ni 7.8." Mjamzito akiwa chini ya 11 huhesabiwa amepungukiwa. Kumbe kile kizunguzungu nilichokuwa nikikisikia kila nikiinuka mkekani, na moyo uliokuwa ukienda mbio nikipanda kilima na ndoo kichwani, havikuwa "mambo ya mimba" kama nilivyoambiwa nyumbani. Mkwe wangu, kwa mapenzi yake, alikuwa akinituliza kwamba huo ni uzito wa mtoto wa kiume. Nikazaa mtoto wa kike.

Sasa sikilizeni, wadogo zangu. Serikali yetu imeweka kliniki ya wajawazito hadi vituo vya vijijini, na vidonge vya damu unapewa huko huko. Lakini vidonge hivyo vina wakati wake. Ile foliki asidi iliyomo, ambayo ni aina ya vitamini, humzuilia mtoto maradhi ya mgongo wazi, na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya mwezi wa mwanzo tangu mimba kutunga, pengine mwenyewe hata hujajijua. Ndiyo maana wataalamu wanataka uanze kuvinywa hata kabla ya kushika mimba, na ufike kliniki kabla ya wiki 12. Mimi nilipofika, dirisha hilo lilikuwa limeshafungwa zamani. Mungu alinisitiri tu.

Tena kuna safura. Hili ni letu, tusilionee haya. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa skuli hapa Pemba miaka ya 1990 ulionesha kuwa minyoo ya safura ni sababu kubwa ya watoto kukosa damu, na kazi ya kuyachunguza maradhi haya imeendelea kwenye maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000. Mdudu huyu hupenya ngozi ya mguu ukikanyaga udongo wenye kinyesi, akaenda kukaa tumboni akifyonza damu. Mimi nilikuwa nikilima mpunga pekupeku tangu utoto. Dawa ya minyoo nilipewa siku ile ile, maana hutolewa mimba ikishapita miezi mitatu ya mwanzo. Waulize wakupe. Na viatu vya shamba, hata vya mpira wa bei ndogo, vinunue.

Kosa langu jingine lilikuwa chai. Nilikuwa nikimeza kidonge kwa chai ya rangi asubuhi, na chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kunywa kidonge kwa maji, na ukipata ndimu au chungwa ni bora zaidi. Chai iache ipite saa moja au mbili. Kikikutia kichefuchefu, kinywe usiku baada ya chakula. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hicho. Kisamvu, matembele, dagaa na maini ule kila unapojaaliwa, ila usiviache vidonge kwa kusema umekula mboga.

Yule nesi alinigombeza mbele ya wenzangu na nikalia njia nzima ya kurudi. Haikuwa haki kunisema vile, lakini kama nisingerudi wiki mbili baadaye ningeumia mwenyewe. Ukigombezwa, rudi. Na kila ukienda, uliza kwa kinywa chako: damu yangu ngapi? Presha yangu ngapi? Mkojo una protini? Majibu yaandikwe kwenye kadi, usiondoke bila ya kuandikiwa.

Wanaoogopa siri kutoka nawaelewa. Mhudumu wa Jamii ni Afya, ule mpango wa Zanzibar wa wahudumu wa afya wa mitaani, anayepita majumbani na simu yake ni jirani yetu, tunamjua, anatujua. Kwangu aliponijia mimba ya pili nilimwambia wazi: "Dada, nina wiki saba, na hajui mtu ila mume wangu." Hakuna aliyesikia kwake. Akinikumbusha siku ya kliniki, alikuwa akija kama anayepita kuomba chumvi. Kama kwenu humwamini wa mtaani, nenda moja kwa moja kituoni, au hata kituo cha mbali kidogo. Kufichwa kwa majirani na kujulikana kliniki havigombani.

Na si mimba tu yenye maneno ya mtaani. Binti yangu naye alichomwa chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi skulini. Tanzania ilianza nayo mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikafika kwa wenye miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Shoga yangu aliniuliza kama sikuogopa kwamba itamfunga kizazi. Nilimwambia haifungi, huzuia kirusi kinacholeta maradhi yanayowafanya wanawake wang'olewe kizazi. Wa kwake alichanjwa wiki ile ile.

Mimba ya pili damu yangu haikushuka chini ya 11. Mkwe wangu nilimwambia mwezi wa nne, mwenyewe, na kadi mkononi. Aliigeuza geuza ile kadi, akaniuliza kila nambari ina maana gani.