Kabla hujatafuta Photoshop ya krak, weka hizi kwanza

Vijana wanaofungua steshenari na studio ndogo za picha huwa na swali moja kwangu: "Kaka, Photoshop ya krak (ile iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe) naipata wapi?" Ukiitazama kompyuta yenyewe, ni ya mtumba, RAM GB 4, diski imeshajaa hadi alama yake imegeuka nyekundu. Na kazi inayoisubiri ni pasipoti saizi, kuskani vyeti, na kupunguza picha za watu wanaoomba ajira mtandaoni. Hapo Photoshop ni kulimia trekta bustani ya mchicha. Isitoshe, hizo za krak karibu zote hukutaka uzime kwanza kizuia-virusi ndipo zikubali kuingia. Sasa ukishakizima, ni nini kingine kimeingia pamoja nayo?

Kwa ninavyoona mimi, kinachoisumbua studio si kuhariri picha. Ni kuipata. Mteja anarudi baada ya miezi mitatu, anataka nane nyingine kama zile za mwanzo. Unafungua folda "New folder (7)", ndani yake kuna "mpya", ndani yake "mpya kabisa", na humo picha zote zinaitwa IMG na tarakimu. Mteja anaangalia saa.

Kwa hiyo ya kwanza kuweka ni Everything, programu ya kutafuta mafaili, ya voidtools. Ni ndogo sana, ni ya bure hata kwa biashara. Haizunguki folda moja baada ya nyingine. Inasoma jedwali la NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) ambamo diski huweka majina ya mafaili yake yote, ndiyo maana majibu yanatokea ukiwa bado unaandika. Flashi na memori kadi za FAT32, mpangilio mwingine wa zamani zaidi, hazina jedwali hilo, hivyo folda zake inabidi uziongeze mwenyewe kwenye mipangilio.

Ila inatafuta majina, haiangalii sura za watu. Picha ikiitwa IMG_4471 haitakusaidia kitu. Hapo ndipo PowerToys, mkusanyiko wa vifaa vidogo vya Windows wa Microsoft, inapoingia, kwa kifaa chake cha PowerRename: unachagua picha hamsini, unabofya kulia, unabadilisha majina yote kwa mkupuo. Mimi naanza na mwaka, mwezi, siku, kisha jina na kazi: 2025-03-14_asha_pasipoti. Mwaka ukitangulia, mafaili yanajipanga yenyewe kwa tarehe. PowerToys ina vikorokoro vingi. Zima usivyotumia, maana vinakula RAM bure. Na kama bado uko Windows 7, isahau.

Kwa picha zenyewe, IrfanView, programu ndogo ya kufungua, kukata na kupunguza picha. Aliyeiandika ni Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia, na imekuwapo tangu 1996. Kwenye mashine iliyochoka inafunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kipanya. Pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ni pikseli 413 kwa 531 ukichapa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Bonyeza Shift+C, weka uwiano, sogeza fremu hadi kichwa kikae vizuri, halafu Ctrl+Y inakata. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 inabeba nane, nne juu, nne chini. Ukiwa na picha nyingi za kupunguza, herufi B peke yake inafungua dirisha la kuzishughulikia zote pamoja.

Watu wengi huisakinisha na kuishia hapo, wakati nguvu yake nyingine iko kwenye programu-jalizi zake, yaani vipande vya kuiongezea uwezo, ambavyo hupakuliwa kando. Ukiweka IrfanView ya biti 64, programu-jalizi nazo ziwe za biti 64, la sivyo hazitaonekana. Moja inazungusha JPG bila kupunguza ubora. Nyingine, RIOT, unaiambia unataka picha iwe kilobaiti ngapi na inakandamiza hadi hapo. Ni mkombozi pale mfumo wa maombi unapoikataa picha kwa sababu ya uzito. Jambo la kujua: IrfanView ni bure kwa matumizi binafsi. Ukiitumia dukani, leseni hulipiwa.

Ukitaka kufuta mandhari ya nyuma au kurekebisha ngozi, GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inatosha, nayo haina masharti ya biashara. Iongezee programu-jalizi ya G'MIC, kazi ya maabara ya GREYC ya Caen, Ufaransa, yenye mamia ya vichujio. Vingi hutavigusa; vya kuondoa chengachenga za picha za usiku utavitumia kila wiki.

7-Zip iwepo kwa kufungulia mafaili ya RAR na ZIP, lakini usitegemee ipunguze picha. JPG imekwisha kukandamizwa tangu kwenye kamera.

Halafu PhotoRec, ya kurudisha picha zilizofutika. Nilishaletewa kadi ya harusi iliyofomatiwa na mpwa wa bwana harusi, mama mtu analia kaunta. Jambo la kwanza: kadi isipigwe tena hata picha moja. PhotoRec haijali folda wala majina, inapekua kadi yenyewe ikitafuta alama za mwanzo wa kila faili, hivyo picha hurudi zikiwa na majina yasiyoeleweka. Uzihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Skrini yake ni nyeusi, maandishi matupu, usiogope.

Zote zipakue kwa wenyewe: voidtools.com, irfanview.com, gimp.org, 7-zip.org, na PhotoRec cgsecurity.org. Kwenye tovuti za kukusanya programu, kitufe kikubwa cha kijani mara nyingi ni tangazo. Washa pia mpangilio wa Windows wa kuonyesha viendelezi vya mafaili (zile herufi za mwisho wa jina, kama .jpg), ili "picha.jpg" ya flashi ya mteja ikiwa kwa kweli ni "picha.jpg.exe", yaani programu na si picha, uione kabla hujaibofya.