Jinsi Ninavyosoma Mbio za Farasi Kabla Sijaweka Hela

Wengi wetu tunaobeti farasi hapa Mbeya hatujawahi kumgusa farasi. Mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na visubi, vimewafanya wawe wachache sana nchini. Wa karibu ninaowajua mimi wako Mufindi, huko kwenye baridi ya mashamba ya chai. Tunachokijua tumekipata kwenye skrini: mchana mbio za Afrika Kusini, na kuanzia saa kumi hivi za kwetu, mbio za Uingereza. Hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba ukikaa Kabwe au Mwanjelwa swali unalosikia ni moja tu, "Kaka, nani anashinda hapa?", na jibu linatolewa kwa jina la farasi au rangi ya jezi ya joki, yaani mpanda farasi.

Kwanza tuwatoe farasi wa kompyuta. Zile mbio zinazoanza kila baada ya dakika chache hazina cha kusomwa. Programu inachagua mshindi kwa namba za bahati, halafu picha inachezwa kukuonyesha kilichoamuliwa. Kuna dogo mmoja wa bajaji ana daftari la kuandika namba 4 imetoka mara ngapi tangu asubuhi. Mwandiko mzuri kabisa, kazi bure. Namba 4 haikumbuki asubuhi. Ninachoeleza hapa ni farasi wa kweli, wanaokimbia uwanda bila kuruka viunzi.

Nikifungua ratiba, majina nayaacha mpaka mwisho. Naanza na umbali. Mbio fupi kabisa Uingereza ni furlongi tano, kama mita 1,000, na zinaisha kwa dakika moja hivi. Ndefu zinapita maili mbili. Farasi wa mita 1,000 na wa maili mbili wanafanana kwa sura tu. Hata Frankel, aliyekimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012 akashinda zote, hakuwahi kupelekwa mbali zaidi ya maili moja na robo hivi. Kocha wake, Henry Cecil, alikuwa na farasi aliyeacha wenzake urefu wa farasi sita kule Newmarket mwaka 2011, na bado hakumpeleka kwenye Derby, mbio kubwa ya Uingereza ya maili moja na nusu. Sasa wewe unamwekea hela farasi ambaye hajawahi kupita mita 1,400, leo anakimbia 2,000, kwa sababu tu mara mbili zilizopita alishinda?

Kuongezewa umbali siyo mkosi siku zote. Yupo farasi ambaye mbio zake nyingi zinaisha akiwa ndiyo kwanza anashika kasi. Huyo akiongezewa mita 400 anaweza kuwa mpya kabisa. Lakini hilo uwe umeliona mwenyewe kwenye marudio ya video.

Baada ya umbali, ardhi. Mtu wa nyanda za juu hapaswi kufundishwa tope. Ipeleke timu ya pasi fupi Tukuyu mwezi wa nne, mvua imepiga usiku kucha, uone mpira unavyokwama na beki wa nguvu anavyogeuka staa. Farasi ni hivyo hivyo. Uingereza wanaipima ardhi kuanzia kavu ngumu, kavu kiasi, nzuri, laini, hadi nzito kabisa, na inaandikwa juu ya ratiba kila siku. Farasi anayekimbia akiinua magoti juu mara nyingi anastahimili tope, na anayetupa miguu chini chini anataka pakavu. Mimi naangalia ushindi wake ulitokea kwenye ardhi gani. Kama yote ni ya kiangazi na leo imenyesha, namwacha, hata odi yake, yaani mara ngapi unalipwa hela yako akishinda, iwe ndogo kiasi gani. Viwanja vya ardhi ya kutengenezwa kama Kempton, Wolverhampton na Newcastle havina habari za tope, ndiyo maana wakati wa baridi yao vinakimbiza hadi usiku sana kwetu. Huko naangalia rekodi ya farasi kwenye ardhi hiyo tu. Alichofanya kwenye majani nakipa uzito mdogo.

Halafu daraja, yaani ubora wa mbio zenyewe. Uingereza daraja la 1 ndilo la juu, na namba ikikua daraja linashuka. Hapa ndipo zile namba mbele ya jina, yaani nafasi alizomaliza mbio zilizopita, zinapodanganya watu. Zinasomwa kutoka kushoto, ya mwisho kulia ndiyo mbio za karibuni. Namba 0 maana yake alishika nafasi ya kumi au nyuma zaidi. Kistari kidogo (-) kinatenganisha misimu, na mkwaju (/) unaonyesha alikaa nje muda mrefu zaidi. Ukiona 0/31-26, huyo alipotea kwa muda, akarudi akawa wa tatu na wa kwanza, msimu mpya akaanza na nafasi ya pili kisha ya sita. Wengi wanaiona 6 wanageuza ukurasa. Mimi nauliza: ya sita wapi, na nyuma kwa umbali gani? Wa sita kwenye daraja la 2, ameachwa urefu wa farasi watatu tu, leo ameshushwa daraja la 4? Huyo namtaka kuliko mwenye 111 za daraja la 6 anayepandishwa leo. Herufi C pembeni ya jina maana yake ameshawahi kushinda uwanja huo, D umbali huo, CD vyote viwili kwa pamoja. Sizidharau herufi hizo, hasa viwanja vya ajabu ajabu kama Epsom chenye mteremko na kona, au Chester.

Marudio ya video ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Usimwangalie aliyeshinda. Chagua mmoja wa katikati, na ukifika mita 600 za mwisho tazama mikono ya joki. Wenzake wameshaanza kusukuma shingo za farasi, fimbo zimetoka, yeye bado amekaa, mikono haijasogea. Halafu mlango unafungwa mbele yake, farasi wawili wamebanana, anavuta hatamu, anahamia nje, anamaliza wa tano akiwa na nguvu tele. Kwenye karatasi ni 5. Wiki ijayo odi yake inaweza kuwa 9 wakati ilipaswa kuwa 4. Nafasi za namna hii ndizo ninazozitafuta, na hazipatikani kwa kusoma namba peke yake.

Suala la uzito wanaliruka karibu wote, nami naliona ndilo lenye hela. Mbio nyingi utakazoziona ni za hendikapu: farasi bora anabebeshwa uzito zaidi ili wote wawe na nafasi. Kila farasi ana alama. Uingereza alama moja ni ratili moja, karibu gramu 450. Afrika Kusini alama moja ni nusu kilo. Akishinda, alama zinapanda na mzigo unapanda. Kwa hesabu wanayoitumia wazoefu, mbio za mita 1,000 ratili tatu ni sawa na urefu wa farasi mmoja, na maili mbili ratili moja inatosha kuleta tofauti hiyo. Kwa hiyo farasi aliyeshinda kwa pua, leo ameongezewa ratili sita kwenye mbio fupi, anatakiwa kuwa bora kwa urefu wa farasi wawili hivi kuliko alivyokuwa siku ile. Nionyeshe atautoa wapi.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mtamu. Alama mpya Uingereza hutoka Jumanne. Farasi aliyeshinda Jumamosi kwa mbali anaweza kurudishwa uwanjani haraka kabla alama mpya hazijaanza kutumika, akibeba adhabu maalumu tu, tuseme ratili tano, wakati mpangaji uzito angemwongezea tisa au kumi. Kocha anayefanya hivyo anajua anachokifanya. Pia kuna joki wanafunzi wanaopunguziwa mzigo: ratili saba mpaka wafikishe ushindi 20, tano mpaka 50, tatu mpaka 95. Mwanafunzi mwenye kipaji ambaye bado anapunguziwa saba ni zawadi. Asiye na kipaji, hizo saba anazipoteza kwenye kona ya kwanza.

Geti la kuanzia linategemea uwanja. Chester ni duara dogo la kama maili moja, kona tupu upande wa kushoto, na kwenye mbio fupi mwenye geti la namba ndogo ana faida kubwa kwa sababu yuko ndani. Mwenye geti la 12 pale anakimbia njia ndefu kuliko wenzake. Kwenye maili moja iliyonyooka, geti peke yake halinitishi. Nataka kujua nani ataongoza. Kama ni mmoja tu anayependa kukimbia mbele, anaweza kujipangia mwendo polepole na kubakiza nguvu. Wakiwa wanne wa aina hiyo watachoshana, na wa nyuma anakuja kuokota.

Kwa mbio za Afrika Kusini naongeza jambo moja. Johannesburg iko juu kama mita 1,700, sawa na Mbeya mjini, na uwanja wa Turffontein una mwinuko unaokata pumzi. Farasi wa Durban aliyezoea hewa ya usawa wa bahari, akipandishwa huko kwa mara ya kwanza kwa mbio ndefu, simwamini kirahisi.

Dakika chache kabla ya kuanza, farasi wanapotembezwa, nyamaza utazame. Nilipowatazama kwa karibu wale wa Mufindi ndipo nikaelewa kinachoonekana kwenye skrini: aliyetulia masikio yanacheza taratibu, hatua ya nyuma inakanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele, ngozi inang'aa. Anayerusha kichwa na kutoa povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma ameshaanza kumaliza mbio zake pale pale. Durban kwenye joto jasho ni kawaida. Newcastle usiku wa baridi siyo kawaida.

Ukishampata wako, bado hujamaliza. Angalia bei. Gawa 100 kwa odi ya kila farasi kisha jumlisha. Mbio za farasi sita wenye odi 2.5, 4, 5, 8, 10 na 12.5 zinakupa 40, 25, 20, 12.5, 10 na 8, jumla 115.5. Hiyo 15.5 iliyozidi ndiyo chakula cha kampuni, na kodi ya ushindi inakuja juu yake. Anayepewa nafasi kubwa kuliko wote Uingereza hushinda karibu theluthi moja ya mbio, lakini ukiwafuata hao kila siku bila kuchagua, hela inaisha polepole, kwa sababu bei yao imeshajua hilo. Mimi nikiona farasi ana nafasi moja kati ya nne, nataka odi inayozidi 4. Ikiwa 3, naagiza chai. Siku nyingi nakunywa chai tu. Na kuunganisha farasi watano kwenye mkeka mmoja ni kuilipa kampuni ile 15.5 mara tano.

Kubeti nafasi, yaani farasi wako amalize kati ya wa mbele, kuna mahali watu wanalia bure. Kwa utaratibu wa Uingereza wakikimbia watano hadi saba wanalipwa wawili wa kwanza. Wanane na kuendelea, watatu. Hendikapu ya 16 na zaidi, wanne. Wakiandikishwa wanane na mmoja akatolewa asubuhi kwa sababu ya tope, nafasi ya tatu haipo tena. Idadi inayohesabiwa ni ya walioanza, siyo ya muda ulipokata tiketi, kwa hiyo mbio za farasi wanane siku ya mvua mimi nazikatia tiketi dakika za mwisho kabisa.